Mwangwi Kutoka Chini ya Vumbi la Mwezi

Yeyote aliyetaka kujua kilichofichwa na ardhi ya Maniema, tangu siku za kampuni ya Symétain huko Kalima hadi zama za SOMINKI iliyoundwa mwaka 1976, na hata leo kwa wachimbaji wadogo wanaotafuta kasiteriti na dhahabu katika mabonde ya Kailo na Punia, hakuwa na njia ya hakika isipokuwa moja, nayo ni kuchimba: kutoboa kishimo cha majaribio, kuutoa udongo, kuuosha kwenye karai na kuangalia kilichobaki. Sasa mtu huyo akiambiwa kwamba kipo chombo kilichokwenda upande ule wa Mwezi ambao jicho la binadamu aliyeko duniani haliuoni kamwe, kikatembea polepole juu ya vumbi lake bila kuchimba hata shimo moja, na kikapambanua tabaka za udongo na mawe hadi kina cha mita 40, atauliza kwa haki yake: mbona chombo hicho hakiletwi Kindu? Ni swali zuri, na jawabu lake lina ajabu ndani yake. Chombo hicho hicho, kikikokotwa juu ya udongo wetu mwekundu uliojaa mfinyanzi, baada ya mvua hizi zinazoulisha mto Lualaba, aghalabu kitapofuka kabla ya kufika kina cha kisima cha kijiji. Ardhi iliyo chini ya nyayo zetu ni nzito zaidi kwa rada kuliko ardhi iliyo umbali wa kilomita 384,000.

Muradi wa uchambuzi huu ni kuyapima mambo mawili: ni kitu gani hasa ambacho rada ya kupenya ardhi imetufunulia kuhusu tabaka za juu za Mwezi, na ni lipi, katika mengi yaliyosemwa kwa jina lake, ambalo lingali dhana. Rai yangu naitaja mapema ili msomaji aipime njiani. Rada ni shahidi mkweli, lakini maneno yake ni machache: husema kwamba mahali fulani chini ya ardhi dutu moja imekwisha na nyingine imeanza, wala haitaji jina la hiyo ya kwanza wala la hiyo ya pili. Na kama kadhi asivyokata shauri zito kwa kauli ya shahidi mmoja, ndivyo mwanazuoni wa Mwezi asivyopaswa kutangaza lava, pango au barafu kwa mwangwi peke yake, pasipo keekee, au mchanga ulioletwa mkononi, au kipimo cha namna nyingine kinachosema neno lile lile.

Tuanze na kazi yenyewe. Wimbi la redio katika utupu huenda sentimita 30 kwa nanosekunde moja, yaani kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Likiingia ndani ya dutu hupunguza mwendo, na kila dutu ina kipimo chake cha kulipunguza. Utupu hupewa 1, udongo mkavu wa Mwezi huwa karibu na 3, jiwe gumu la basalti huwa 6 hadi 8, na maji, ambayo ndiyo yanayotuponza sisi watu wa nchi za mvua, hufika karibu 80. Mwendo hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha kipimo hicho, hata wimbi katika udongo wa Mwezi likawa linakwenda sentimita 17 hivi kwa nanosekunde. Basi mwangwi uliorudi baada ya nanosekunde 100 umetoka kwenye kina cha mita 8 na nusu, kwani nusu ya muda ni ya kwenda na nusu ni ya kurudi. Pale ambapo dutu moja inapakana na nyingine yenye kipimo tofauti, sehemu ya wimbi hurudishwa, na kadiri tofauti inavyokuwa kubwa ndivyo mwangwi unavyokuwa na nguvu. Maji, hasa yakichanganyika na chumvi na mfinyanzi, hayalipunguzi wimbi mwendo tu, bali huigeuza nguvu yake kuwa joto. Na hiyo ndiyo sababu ya upofu nilioueleza. Mwezi hauna maji ya kumiminika hata tone, na udongo wake umekaushwa na jua lisilo na kizuizi cha hewa kwa mabilioni ya miaka. Kinacholila wimbi kule ni chuma na titani zilizomo ndani ya madini, jambo ambalo tutalihitaji baadaye.

Ipo hila moja ya wataalamu ambayo haina budi kutajwa, maana ndiyo inayoitofautisha taaluma hii na kubahatisha. Jiwe moja lililozikwa, gari la rada likipita juu yake, halionekani kama nukta; huanza kuonekana kutoka mbali kwa mshazari, kisha karibu, kisha mbali tena, na mwangwi wake huchora upinde kwenye picha. Mkunjo wa upinde ule hutoa mwendo wa wimbi katika udongo ule. Mwendo hutoa kipimo cha dutu. Na kipimo cha dutu, kwa hesabu iliyopatikana kwa kuyapima maabarani mawe na udongo wa safari za Apollo, hutoa msongamano wa udongo. Hivyo jiwe lisiloonekana humpa mtu uzito wa udongo asiougusa.

Haja ya kujua haya ilitangulia uwezo wa kuyajua. Mwaka 1955 mwanafalaki Thomas Gold alitoa hoja kwamba mabonde meusi ya Mwezi, yale ambayo wanafalaki wa kale waliyaita bahari, huenda yamejaa vumbi la kina kirefu, na wako waliohofu kwamba chombo kitakachotua kule kitadidimia. Hofu hiyo ilipungua pale Luna 9 ya Warusi ilipotua salama Februari 1966, na Surveyor 1 ya Marekani Juni mwaka huo huo. Hata hivyo, kujua kwamba ardhi yashika mguu si kujua kilichomo ndani yake, na keekee ya binadamu kule haijapata kwenda mbali: mchi wa udongo mrefu kuliko yote, uliochukuliwa na Apollo 17, ulikuwa wa mita 3 hivi.

Safari hiyo hiyo ya Apollo 17, Desemba 1972, ndiyo iliyopeleka rada za mwanzo za kuuchungua Mwezi ndani kwa ndani, nazo zilikuwa mbili. Ya kwanza iliwekwa ardhini katika bonde la Taurus-Littrow: wanaanga Eugene Cernan na Harrison Schmitt walitandika antena ya nyaya juu ya vumbi, chombo cha kupokea kikawekwa kwenye gari lao, na kila walipokwenda mawimbi ya masafa sita, kuanzia megahezi 1 hadi 32.1, yakawafuata kwa juu na kwa chini ya ardhi. Chombo kile kilipata joto kupita kiasi, kwani vumbi lilizifunika sehemu zake za kupoza, na baadhi ya vipimo vikapotea. Walakini vilivyosalia vilitosha kuonyesha kwamba ardhi ile ni kavu mno, na wimbi hupenya ndani yake pasipo taabu. Ya pili ilikuwa angani, katika chombo alichobaki nacho Ronald Evans, ikipiga kwa megahezi 5, 15 na 150, na mwangwi wake ukaandikwa juu ya filamu, ambayo Evans mwenyewe alitoka nje katika utupu wa anga kwenda kuichukua wakiwa njiani kurudi. Katika filamu ile, Roger Phillips na wenzake walisoma mipaka ya tabaka chini ya Mare Serenitatis na Mare Crisium, kwenye kina cha kilomita moja na zaidi. Mimi huiona kazi ile kuwa miongoni mwa kazi zilizosahauliwa isivyo haki: watu hukumbuka bendera na nyayo, ilhali mwanzo wa kuujua Mwezi kwa ndani ulikuwa katika filamu ile.

Kisha ukapita muda mrefu. Kaguya ya Wajapani, iliyorushwa Septemba 2007, ilirudi na rada ya megahezi 5, ikapata tabaka kwenye kina cha mamia ya mita chini ya mabonde ya lava. Rada hizi za angani huona mbali kwenda chini, lakini hazina jicho la vitu vidogo: wimbi refu hupenya sana na kupambanua kidogo, na wimbi fupi hupambanua sana na kupenya kidogo, wala hakuna fundi aliyepata kuikwepa kanuni hiyo. Aliyetaka kuziona mita za kwanza, zile ambazo mjenzi na mchimbaji watazigusa, ilimlazimu ashushe rada hadi ardhini na kuitembeza.

Wachina ndio waliofanya hivyo. Tarehe 14 Desemba 2013 Chang'e 3 ilitua kaskazini mwa Mare Imbrium, na ndani yake mlikuwa na kigari Yutu, chenye uzito wa kilo 140, kilichobeba rada ya njia mbili: moja ya megahezi 60 kwa ajili ya kina, na nyingine ya megahezi 500 kwa ajili ya upambanuzi wa chini ya sentimita 30. Kigari kilitembea mita 114 tu kabla ya kukwama. Mwezi Machi 2015 Xiao Long na wenzake walichapisha katika jarida la Science kwamba njia ile ya megahezi 60 imeonyesha tabaka zaidi ya tisa, hadi kina cha mita 360 hivi, na wakasimulia humo historia ya lava moja baada ya nyingine ikimwagika na kuganda. Habari zikaenea, na picha ile ya tabaka ikaingia vitabuni.

Mwaka 2018 kundi jingine, walimokuwamo Li Chunlai wa Beijing na Elena Pettinelli wa Roma, wakaja na burhani iliyopaswa kusomwa na kila mwanafunzi wa taaluma hii. Walionyesha kwamba sehemu kubwa ya ile iliyosomwa kuwa mipaka ya lava haikutoka chini ya Mwezi, bali ilitoka katika chombo chenyewe: antena ndefu za megahezi 60 zilikuwa zimefungwa karibu na mwili wa chuma wa kigari, na mtetemo wa umeme uliobaki ndani ya mitambo ulijirudia kwenye picha kwa sura ya tabaka zilizonyooka. Msomaji na apime uzito wa jambo hili. Hakuna aliyedanganya, wala chombo hakikuharibika. Shahidi alisema kweli, ila baadhi ya maneno yaliyodhaniwa kuwa ya ardhi yalikuwa sauti yake mwenyewe. Na dalili ilikuwapo tangu mwanzo kwa mwenye kuitafuta, kwani mpaka wa kweli chini ya ardhi hupanda na kushuka gari linapotembea, bali kelele ya chombo hukaa mahali pale pale popote gari lendapo. Kwa maoni yangu makala ile ya 2018, iliyobatilisha, imeisaidia taaluma kuliko nyingi zilizothibitisha.

Faida yake ilionekana mara. Tarehe 3 Januari 2019 Chang'e 4 ilitua ndani ya kasoko la Von Kármán, upande wa nyuma wa Mwezi, ule ambao sisi tunaoutazama mwezi mwandamo kutoka Kindu na Kasongo kila Shaabani inapokwisha hatutauona maisha yetu yote, kwani Mwezi hutugeuzia uso ule ule siku zote. Habari zake zilipitia kwa setilaiti Queqiao, iliyotangulizwa Mei 2018 kwa kazi hiyo. Kigari Yutu-2 kilikuwa na rada ya namna ile ile, na wachambuzi, waliokuwa wamekwisha kuonywa, walijishikiza kwanza kwenye njia ya megahezi 500. Katika mita 106 za mwanzo za mwendo wake walisoma mambo matatu, wakayachapisha Februari 2020: mita 12 za juu ni udongo laini wenye mawe machache, toka hapo hadi mita 24 mawe yanazidi, mengine makubwa, na toka hapo hadi mita 40 tabaka za mawe na za udongo laini hupokezana.

Kwa nini njia ile ile ya megahezi 500, iliyokomea karibu mita 10 au 12 kwa Yutu, ikafika 40 kwa Yutu-2? Hapa ndipo chuma na titani zinaporudi. Yutu alitembea juu ya lava iliyojaa madini hayo. Yutu-2 alikuwa juu ya vifusi vilivyorushwa kutoka kwenye kasoko za jirani, hasa kasoko la Finsen, vyenye chuma na titani kidogo, na wimbi likapita ndani yake kwa wepesi. Maana ya tabaka zile ni historia ya mapigo: kimondo kikubwa huanguka, hurusha vifusi umbali wa makumi na mamia ya kilomita, vifusi huzika udongo wa zamani, kisha vimondo vidogo huusaga uso mpya kwa mamilioni ya miaka mpaka uwe laini, kabla ya pigo jingine. Mwezi hauna mvua wala mto wa kuyasogeza hayo, kwa hiyo kila ukurasa umebaki mahali ulipoangukia. Udongo wa Maniema, ambao Lualaba na vijito vyake vimeuosha, kuuhamisha na kuuchanganya, hauna kumbukumbu ya namna hiyo.

Shahidi wa pili alipatikana kidogo kwa Chang'e 5, iliyotua tarehe 1 Desemba 2020 katika Oceanus Procellarum. Ilikuwa na rada ya antena 12 chini ya tumbo lake, iliyokusudiwa kuichungulia ardhi ile ile ambayo keekee ingeitoboa. Keekee ilipangiwa mita 2, ikazuiwa kwenye mita 1 hivi, na uchambuzi wa rada ulionyesha vipande vya mawe chini yake. Gramu 1,731 zikarudi duniani. Siku hiyo hiyo ya 1 Desemba, saa chache kabla, darubini ya redio ya Arecibo huko Puerto Rico ilianguka, nayo ilikuwa imefanya kazi kubwa katika elimu hii: ilipeleka mawimbi ya sentimita 70 hadi Mwezini, mwangwi ukapokewa huko Green Bank, Marekani, na ikatoka ramani ya uso tunaouona pamoja na mita kadhaa zilizo chini ya vumbi lake.

Wimbi hilo la sentimita 70 lina udugu na nchi yetu. Tarehe 29 Aprili 2025 Shirika la Anga la Ulaya lilirusha setilaiti Biomass, ya kwanza kubeba angani rada ya urefu huo wa wimbi, yenye antena ya mita 12, ili ipenye majani ya misitu mikubwa, ukiwamo msitu wa Kongo unaoizunguka Kindu, na kupima mbao na kaboni iliyomo. Wimbi moja, kule linapita ndani ya vumbi kavu, hapa linapita kati ya majani na kugonga mashina.

Sasa tufike kwenye mas'ala mazito kuliko yote, ambayo fedha na siasa za mataifa zimeyazunguka: barafu katika ncha za Mwezi. Mwaka 1994 chombo Clementine kilipiga mawimbi kwenye ncha ya kusini, na wasomaji wake wakasema kwamba mwangwi ulirudi kwa namna ya barafu. Mwaka 2006 kundi la Donald Campbell, kwa kutumia Arecibo, lilionyesha kwamba mwangwi wa namna ile ile hutoka pia katika kuta za kasoko zinazopigwa na jua, ambamo barafu haiwezi kukaa, kwa sababu mawe yaliyotawanyika hovyo huuigiza mwangwi wa barafu. Maji yenyewe yalithibitika kwa njia nyingine kabisa: tarehe 9 Oktoba 2009 Wamarekani walikigongesha chombo LCROSS katika kasoko la Cabeus lililo kivulini daima, na katika vumbi lililoruka yakapimwa maji, asilimia 5.6 hivi ya uzito, kipimo chenyewe kikiwa na shaka kubwa pande zote mbili. Wako wanaotumaini kwamba rada ya kutembea ardhini itamaliza ubishi. Mimi nina shaka, na sababu yake imo katika hesabu za mwanzo: kipimo cha barafu ni 3.1 hivi, na kipimo cha udongo mkavu wa Mwezi ni karibu 3. Maji yaliyo majimaji yangepiga kelele kwa ile 80 yake. Barafu, ikichanganyika na udongo katika baridi ile kali, hunong'ona tu, na mnong'ono huo waweza kutolewa vile vile na udongo ulioshindiliwa kidogo zaidi.

Mapango yana habari njema zaidi. Mwaka 2024 kundi la Lorenzo Bruzzone wa Trento lilisoma upya vipimo vilivyochukuliwa mwaka 2010 na rada ya chombo kinachouzunguka Mwezi, likaonyesha kwamba shimo la Mare Tranquillitatis, lenye upana wa mita 100 hivi, lina njia inayoingia chini ya ardhi. Tofauti kati ya jiwe na uwazi mtupu ni kubwa, na shimo lenyewe linaonekana kwa macho, kwa hiyo ushahidi huu una pande mbili.

Basi hukumu yangu ni hii: kwa tabaka za vifusi rada imeaminika, kwa lava za kina kirefu, nusu ya yaliyosemwa na yasubiri, na kwa barafu, chombo chochote kitakachokwenda ncha ya kusini, ikiwamo Chang'e 7 ambayo Wachina wameipanga kwa mwaka 2026, kisihesabiwe kuwa kimejibu swali mpaka kitakapoushika udongo wenyewe.

Na kwa walimu wa fizikia na jiolojia wa Chuo Kikuu cha Kindu nina ombi. Vipimo vya Yutu na Yutu-2 vimewekwa wazi kwa watafiti, na mwanafunzi mwenye kompyuta na subira aweza kuitafuta mwenyewe ile mistari isiyosogea ya kelele ya chombo. Akiisha kujua kuisoma ardhi kavu ya Mwezi, ipo kazi inayomngojea hapa hapa ambayo mfinyanzi hauizuii: kokoto zilizo chini ya mataruma ya reli ya Kindu hadi Kongolo, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, ni tabaka la mawe lisilo na kina kirefu, na rada ya namna hii hutumiwa katika nchi nyingi kupima mahali ambapo kokoto zimeliwa na tope kabla behewa halijaacha njia. Fundisheni jambo hili sasa, maana reli ile haina barabara ya kuaminika ya kuisaidia.